Risasi za kuwinda dia: thelathini-sifuri-sita siyo moja

Leo naweka mbolea na viuatilifu pembeni kidogo.

Kijana mmoja niliyekuwa namtembelea kwenye shamba lake la mahindi amepata nafasi ya mafunzo ya mwaka mmoja kwenye shamba huko Wisconsin, Marekani. Wenyeji wake wameshamwambia kwamba Novemba wataenda kuwinda dia, naye yumo. Akanipigia simu: "Bwana shamba, wanasema nitachagua risasi mwenyewe dukani. Nimeangalia picha, kuna maboksi zaidi ya mia. Nichukue ipi?"

Anajua kwanini aliniuliza mimi. Nilipitia mafunzo ya namna hiyo hiyo, jimbo hilo hilo, kwenye shamba la maziwa, mahindi na soya. Sikufyatua bunduki hata siku moja. Ila nilibeba begi, nilihesabu milio, na nilitembea kwenye theluji kufuata damu ya mnyama aliyepigwa vibaya. Hayo ninayoandika nimeyaona nikiwa nyuma ya mwenye bunduki, na pengine huko nyuma ndiko unakoona vizuri.

Kwanza, la sheria. Ukiwa Marekani kwa viza ya muda, sheria ya shirikisho inakuzuia kuwa na bunduki au risasi, hata boksi moja la risasi. Kuna vighairi vichache, na kimojawapo ni kuwa na leseni halali ya uwindaji. Kwahiyo leseni kwanza, risasi baadaye. Waulize pia waliokupeleka, maana programu nyingine zina masharti yake. Na usirudi nyumbani ukadhani somo hili linahusu nguruwe pori wanaoingia kwenye muhogo wako. Huku kwetu wanyamapori wana Sheria ya Uhifadhi ya mwaka 2009, na wa kumwita ni afisa wanyamapori wa wilaya.

Sasa dia mwenyewe. Huyu si swala na si kulungu wetu, ingawa ukimwona kwa mbali utadhani ni ndugu. Ana mkia mweupe chini, anaunyanyua akikimbia kama mtu anayepunga leso. Dume ana pembe za matawi zinazoanguka kila mwaka na kuota upya. Kwa mkulima wa kule ni mnyama wa porini anayelala msituni na kula shambani. Soya ikichipua anakata vile vichwa vichanga, mahindi yakikomaa anaingia tena. Jimbo lina mpango wa kufidia hasara ya mazao, lakini mkulima anayetaka fidia lazima akubali wawindaji waingie kwenye ardhi yake. Kwahiyo uwindaji kule ni sehemu ya kazi ya shamba, na nyama ni chakula cha nyumbani cha majira yote ya baridi. Familia ile ilikuwa na friza nzima kwa ajili ya dia.

Msimu wenyewe wa bunduki ni siku tisa, unaanza Jumamosi kabla ya sikukuu yao ya Shukrani. Siku tisa tu, kwahiyo wiki ya kabla yake watu wanajaa madukani kama sisi mvua zikianza ghafla na kila mtu anataka mbegu ile ile.

Hapo ndipo kosa lilipotokea.

Kijana wa mwenye shamba alikuwa na miaka 19, na bunduki aliyorithi kwa babu yake, kalibra .30-06. Namba hiyo ina maana: inchi 0.30 ni upana, 06 ni mwaka 1906 ilipoanza kutumika jeshini. Babu alikuwa akitumia risasi za greni 180 zenye ncha laini, na darubini ilirekebishwa kwa risasi hizo. Greni ni kipimo cha zamani cha Waingereza kilichoanzia kwenye punje ya shayiri. Greni 180 ni karibu gramu 11.7. Ijumaa jioni kijana alikuta zile za babu zimeisha dukani. Akachukua boksi la kampuni nyingine, greni 150, ncha ya plastiki nyekundu, picha ya dume kubwa juu ya boksi. Nilimuuliza kama hatazijaribu. Akanijibu kwamba thelathini-sifuri-sita ni thelathini-sifuri-sita, zote zinaingia.

Kweli zote zinaingia. Asubuhi, dia jike alitoka kwenye mabua ya mahindi, umbali kama yadi 140, yaani mita 128 hivi. Amesimama ubavu, ametulia. Kijana akafyatua. Dia akaanguka pale pale na mimi nikashangilia. Baada ya sekunde kadhaa akainuka, akaondoka kwa kuchechemea, akaingia msituni.

Tulifuata damu mpaka giza likaingia. Mwanzoni matone makubwa, baadaye tone moja kila hatua kumi, baadaye hakuna kitu. Mwenye shamba hakumgombeza mtoto wake, na kule kunyamaza kwake kulikuwa kubaya kuliko kugomba. Kesho yake asubuhi tulimkuta ng'ambo ya kijito, koyote wameshamla mapaja. Risasi ilikuwa imepita juu, chini kidogo ya mgongo, juu ya mapafu. Mnyama alikufa polepole usiku mzima, na nyama yote ikapotea.

Jumapili mchana mwenye shamba alitundika karatasi yadi 100, akamwambia kijana apige tatu kwa boksi lile jipya. Matundu matatu yalikaa karibu karibu, kundi zuri kabisa. Ila lote lilikuwa inchi nne juu na inchi mbili kushoto ya pale alipolenga. Bunduki ilikuwa nzima na mkono wa kijana haukutetemeka. Alibadilisha kichwa chepesi chenye kasi nyingine, na mtutu ukatetemeka kwa namna nyingine.

Vijana wa dawa za kunyunyizia mnanielewa. Ukibadilisha nozeli ya bomba lazima upime upya maji yanayotoka kwa ekari, hata kama nozeli mpya ni bora kuliko ya zamani. Ukiacha, unachoma mazao au wadudu wanabaki. Risasi ni hivyo hivyo.

Kwahiyo kijana wangu, ukifika dukani anza na mtutu, maboksi baadaye. Ubavuni mwa mtutu kumechorwa kalibra kamili, nayo lazima ifanane neno kwa neno na maandishi ya boksi. Siyo namba tu. Kuna .270 Winchester na kuna .270 WSM, ni vitu viwili tofauti. Kuna .30-06 na .30-30, zote 30, na maumbo hayafanani kabisa. Ukikosea hapa unaweza kuumia wewe na siyo dia.

Kama bado hawajakuazima bunduki na una nafasi ya kusema, mwombe mwenyeji yenye teke dogo. .243 Winchester yenye greni 100, 7mm-08 au 6.5 Creedmoor yenye greni 140 hivi zinamtosha dia mkia-mweupe kwa umbali wa kawaida wa shambani. Vijana wengi hudhani ukubwa ndio heshima. Mimi nimeona mwanaume mzima anafumba macho kabla ya kufyatua kwa sababu anaogopa bega lake. Aliyefumba macho hana kalibra.

Baada ya hapo angalia kichwa, yaani kile kipande cha mbele kinachoruka. Hapa ndipo watu wanapodanganywa na picha. Kichwa cha kuwindia lazima kifunguke kikiingia kwenye mwili, kama uyoga unavyofunguka, ili kipasue mapafu na mnyama afe upesi. Kile kilichovikwa shaba mwili mzima, cha jeshini na cha mazoezi, mara nyingi kinapita kama sindano na mnyama anakimbia mbali na kidonda chake. Ni cha bei rahisi, na Wisconsin ni marufuku kukitumia kwa dia. Usikiguse.

Vinavyobaki ni vya aina tatu hivi. Kuna ncha laini ya kawaida, madini ya risasi yanachungulia mbele na shaba nyuma. Remington wanauza Core-Lokt tangu 1939, Winchester wana Power-Point, Federal wana Power-Shok. Maboksi haya hayana mbwembwe na bei yake ni ya chini, na kwa maoni yangu ndiyo yanayomfaa mtu wa mara ya kwanza, kwa sababu dia si mnyama mgumu. Kuna vile vyenye ncha ya plastiki. Vinaruka vizuri mbali, lakini baadhi vinafunguka haraka sana. Ukimpiga dia begani kwa karibu, bega lote linakuwa uji. Mwenye shamba alitupa kilo kadhaa kwa ajili hiyo, huku akiongea peke yake. Halafu kuna vilivyofungamanishwa kiini na ganda, na vya shaba tupu, ambavyo havivunjiki ovyo. Vya shaba tupu ni ghali, na vinataka kasi ili vifunguke, kwahiyo watu huchukua uzito mdogo kidogo kuliko walivyozoea.

Kuhusu shaba nina la kusema zaidi, kwa sababu linahusu chakula. Kichwa cha madini ya risasi kikifunguka kinaacha vumbi na vipande vidogo ambavyo jicho halivioni, na vinasambaa mbali kuliko tundu lenyewe. Mwaka 2008 huko North Dakota walipiga picha za eksirei nyama ya dia iliyotolewa msaada kwa maskini, wakaona vipande, na vituo vya chakula vikaambiwa viitupe. California wao wameshapiga marufuku risasi za madini hayo kwa uwindaji wote tangu tarehe 1 Julai 2019. Wisconsin bado zinaruhusiwa. Kama nyumba ya mwenyeji wako ina watoto au mama mjamzito, mimi ningewashauri shaba tupu. Wasipotaka, kata nyama mbali na kidonda, usione huruma, na ile ya karibu usiisage.

Tahadhari moja kwa wenye .30-30, ile bunduki ya mkono wa chini ya kwenye sinema za makauboi. Risasi zake hukaa kwenye bomba, moja nyuma ya nyingine, ncha ya nyuma inagusa fataki ya iliyo mbele. Ncha kali ya chuma au shaba inaweza kuiwasha hapo hapo ndani ya bomba. Ndiyo maana vichwa vyake ni butu, au vina ncha ya mpira laini iliyotengenezwa maalumu kwa kazi hiyo. Usichanganye.

Ukishapata aina mbili au tatu zinazofaa, nunua boksi moja moja, lina risasi 20, nenda uwanja wa shabaha mapema, siyo Ijumaa jioni. Piga tatu tatu kwa kila aina, bunduki ikiwa imeegemea mfuko wa mchanga, na uache mtutu upoe katikati. Uichukue ile inayokusanya matundu yake, hata kama ni ya bei ya chini kuliko zote. Bunduki zina tabia kama ng'ombe, pumba anayoipenda huyu mwenzake anaiacha. Halafu urekebishe darubini kwa hiyo tu. Siku nyingine rudi upige moja tu, mtutu ukiwa baridi, kwa sababu dia hatakupa nafasi ya kupasha mtutu moto. Kifua chake mahali pa kufisha ni kama sahani ya chakula. Umbali ambao huwezi kuigonga sahani hiyo kila mara, usifyatue.

Na ukishachagua, rudi ununue maboksi mengine yenye namba ya toleo ile ile, imepigwa muhuri kwenye boksi. Kiwanda hubadilisha baruti kidogo kidogo kati ya toleo na toleo.

Kijana wa 19 hakwenda msituni Jumatatu wala Jumanne. Jumatano alipata greni 180 za babu kwa jirani, maboksi mawili, akapiga tatu kwenye karatasi ile ile na kurudisha darubini mahali pake. Jumapili ya mwisho ya msimu, saa kumi jioni kwa saa zetu za Kiswahili, dia jike alisimama yadi 80. Mlio mmoja. Alikimbia hatua kama sitini akaanguka, na damu ilikuwa wazi kwenye theluji, hata mimi nisiyejua kufuata ningemfikia peke yangu. Tulichuna mpaka usiku.

Baadaye nilimkuta jikoni na kalamu nene, anaandika juu ya boksi lililobaki: bunduki ya babu, yadi 100, inchi moja juu, na tarehe. Risasi zilizobaki ndani zilikuwa 16.