Vinara na Waburuza Mkia: Miji Yetu kwa Anayefanya Kazi Mtandaoni

Orodha za miji bora kwa wanaofanya kazi kwa mbali hutoka kila mwaka, na karibu zote hupima mambo yaleyale: kasi ya intaneti, kodi ya nyumba, bei ya kahawa. Vipimo hivyo vinamfaa mgeni anayelipwa kwa dola, ambaye mambo yakiharibika hufungasha virago akaenda kwingine. Kijana wa Kayole au Mbagala anayemfanyia kazi mwajiri wa ng'ambo hana pa kuhamia. Kwake mji hupimwa kwa siku yake mbaya kuliko zote, na hicho ndicho kipimo nilichotumia hapa kwa miji mikubwa ya ukanda wetu.

Rekodi ya kwanza ni ya kuchelewa. Hadi katikati ya mwaka 2009 pwani ya Afrika Mashariki haikuwa na kebo ya faiba chini ya bahari hata moja, na mawasiliano yote na dunia yalipita kwenye setilaiti kwa bei ya kuumiza. Juni mwaka huo kebo ya TEAMS ilifika Mombasa kutoka Fujairah, kule Falme za Kiarabu. Mwezi uliofuata ikawashwa Seacom, inayogusa Mombasa na Dar es Salaam, na mwaka 2010 ikaja EASSy. Machoni pangu hakuna barabara wala jengo lililojengwa tangu hapo lililowafungulia vijana wetu ajira za mbali kuliko nyuzi hizo. Leo pwani hii imefikiwa pia na 2Africa, inayolizunguka bara zima kwa takriban kilomita 45,000 na kutajwa kuwa mfumo mrefu kuliko wote uliowahi kulazwa baharini.

Siku mbaya kuliko zote ya nyuzi hizo ilikuwa Jumapili, tarehe 12 Mei 2024, EASSy na Seacom zilipokatika karibu na pwani ya Afrika Kusini. Njia ya kaskazini nayo ilikuwa na jeraha, kwa kuwa Seacom ilikwisha kukatika Bahari ya Shamu mwezi Februari. Tanzania iliumia vibaya. Kenya ilipata shida lakini ilikuwa na njia nyingine za kupitia, na tofauti hiyo ndiyo somo lenyewe: anayetegemea mtandao ale asikubali kuishi mji wenye mlango mmoja.

Hata hivyo, kebo iliyokatika mteja wa Berlin anaweza kuielewa. Mtandao uliozimwa kwa amri ni jambo jingine. Katika nchi zinazozungumza Kiswahili, muda mrefu kuliko wote ninaoukumbuka ni wa Kongo, baada ya uchaguzi wa Desemba 2018: takriban wiki tatu, kutoka Kinshasa hadi Lubumbashi na Goma. Kampala ilizimiwa siku kadhaa Januari 2021. Dar es Salaam ikazimiwa siku ya uchaguzi, tarehe 29 Oktoba 2025, na giza hilo likaendelea kwa siku kadhaa. Mwajiri aliye mbali hajui siasa zetu. Anachokiona ni kazi ambayo haikufika na simu isiyopokelewa. Mkataba uliojengwa kwa miaka huvunjika kwa wiki moja, na hakuna anayemlipa kijana fidia.

Kwenye umeme, Nairobi ndiyo yenye kisa cha ajabu kuliko vyote. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili aliangukia transfoma katika kituo cha Gitaru, mitambo mingine ikaelemewa, na nchi nzima ikakosa umeme kwa saa kadhaa. Lakini usiku mbaya zaidi ulikuwa wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, sehemu kubwa ya Kenya ilipokaa gizani hadi siku iliyofuata. Nairobi watu walikuwa wakijiandaa kulala. New York ilikuwa bado alasiri, saa za kazi. Dar es Salaam nayo ilipitia mgao mkali mwishoni mwa 2023, kisha mitambo ya Bwawa la Nyerere ikaanza kuwashwa mwaka 2024, mmoja baada ya mwingine. Bwawa hilo lina uwezo wa megawati 2,115, na hakuna jambo lililoipandisha Dar kwenye mizani hii kuliko hilo.

Hapo kuna jambo ambalo orodha za kigeni hulisahau: saa. Nairobi, Dar na Kampala ziko saa tatu mbele ya Greenwich. Wakati wa baridi kule kwao, ofisi ya London inafunguliwa kwetu ikiwa saa sita mchana, ya New York saa kumi na moja jioni, ya California saa mbili usiku. Anayefanya kazi na New York anamaliza saa saba usiku. Basi mji unaomfaa ni ule wenye umeme wa uhakika usiku na jirani asiyefungulia spika hadi alfajiri.

Joto nalo lihesabiwe. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Umeme ukikatika, chumba kinabaki chumba. Dar mwezi Februari, feni ikizima tu, akili inazima nayo. Mtu wa Dar anahitaji betri kubwa zaidi kwa kazi ileile.

Malipo ni ya Nairobi bila mshindani. M-Pesa ilizaliwa Kenya mwaka 2007, na tangu 2018 fedha za PayPal zinaweza kuingia humo moja kwa moja. Viza za wafanyakazi wa mbali, zilizoanza Barbados na Estonia mwaka 2020 na ambazo Kenya ilitangaza ya kwake 2024, ni neema kwa mgeni. Mwenyeji hazimgusi.

Kwa asiye na senti ya kukodi kiti, bingwa yuko mbali: Helsinki, iliyofungua maktaba ya Oodi Desemba 2018 mkabala na bunge, na humo mtu hukaa na kufanya kazi bure. Dar ina Maktaba Kuu ya Taifa tangu 1967. Ingepewa umeme wa akiba na waifai imara, ingewafaa vijana wengi kuliko kumbi kumi za kulipia.

Kwa jumla Nairobi inashika nafasi ya kwanza, kwa sababu ina njia nyingi za mtandao, malipo rahisi na hewa ya kufanyia kazi. Dar ni ya pili, na inaweza kuipita siku itakapohakikisha mtandao hauzimwi tena. Kampala inafuata. Nawe unayetafuta nyumba ya kufanyia kazi katika mji wowote kati ya hii, mwache dalali aseme yake, kisha muulize mlinzi wa getini maswali mawili: umeme ulikatika lini mara ya mwisho, na jenereta inafika vyumbani au inaishia kwenye ngazi?