Kartoni tatu za Bulaya na mikono ya bibi yangu

Leo siandike juu ya prime wala juu ya kontra. Naandika juu ya kartoni. Mukicheka, chekeni, mimi pia nilianza na kucheka.

Mudogo wa bibi yangu anakaa Lille, kule Ufaransa. Siku ya kuzaliwa ya yaya yake alimulipia abonema ya miezi tatu. Ni hivi: kila mwezi kampani moja inafunga kartoni yenye vitu vya kutunza mwili na vitu vitamu vya kula, na kila kartoni inabeba jina la inchi, sawa vile wewe mwenyewe umepanda ndege kwenda kutembea. Unabaki mu nyumba yako, safari inakukuta ku mulango. Bei ni euro 29 kwa mwezi.

Lakini kampani ile haitume vitu mupaka Congo. Basi kartoni zilikuwa zinaingia kwa shemeji, yeye anaziweka, na mwisho mama mumoja wa kanisa lao mwenye alikuwa anakuja Lubumbashi alizibeba zote tatu mu valizi. Kutoka Lubumbashi zikapanda bisi. Hivi safari ya kila mwezi ilitufikia hapa Kolwezi siku moja tu, mu mufuko yenye mutoto wangu alizania ni viazi.

Posho ya batajiri

Desturi hii si ya zamani. Mu 2010, kule New York, wanawake wawili wenye walitoka kusoma biashara ku Harvard, Katia Beauchamp na Hayley Barna, walianzisha Birchbox: ulikuwa unalipa dola 10 kwa mwezi, walikuwa wanakutumia vikopo vidogo vya krema na pafyume vya kujaribu. Kisha wengine wakafuata, huyu na vyakula, huyu na vitabu, huyu na safari. Ujanja wake ni mumoja: wewe hauchague. Wanakuchagulia, na furaha yako ni kufungua.

Papa mukwe, muzee wa Gécamines mwenye aliondoka na "départ volontaire" ya 2003, alisikiliza maelezo yangu yote, kisha akasema: "Aah, ni posho!"

Nikamwambia, hapana Papa, hii ni kitu ya Bulaya.

"Ni posho," akarudilia. "Sisi nayo balikuwa banatuchagulia. Unafika, unapewa unga, unaenda. Paka unga yetu haikukuwa na karatasi ya maua."

Nilikosa jibu. Ni kweli, mupaka leo mu Katanga siku ya sita tunaiita siku ya posho, juu siku ile njo babu zetu walikuwa wanapanga mustari kupokea chakula ya kampani. Tofauti ni kwamba babu alipewa posho juu ya kazi yake, na mutu wa Lille analipa ili apewe.

Mimi, kusema kweli, nilitaka tuuzishe. Nilipiga hesabu: kartoni tatu, minerval ya watoto inakaribia. Nikamwambia bibi yangu: "Mama, tuache moja, mbili tuuzishe."

Akaniangalia. "Papa, miaka 19 mu hii nyumba, kila kintu yenye kuingia hapa ni ya batu bengine. Ya batoto, ya bageni, ya sendika yako. Hii banaandika jina yangu. Hauuzishe ata sabuni."

Delege wa kweli anajua saa ya kunyamaza. Nikanyamaza.

Kartoni ya kwanza: Moroko

Ndani tulikuta chupa ndogo ya mafuta ya argani, sabuni nyeusi laini ya zeituni, glavu ya kujisugulia, chai ya kijani yenye majani ya nana, biskuti, na mufuko ya udongo wa rangi ya majivu.

Mafuta ya argani yanatoka ku miti yenye inaota kusini-magharibi ya Moroko, upande wa Essaouira na Agadir. Wanawake wa kule wanavunja kokwa zake na mikono, jiwe juu ya jiwe, moja moja. Wengi wametengeneza koperative zao, na mu 2014 UNESCO iliandika ufundi wao mu liste ya urizi wa utamaduni. Chupa yetu ilikuwa ndogo sawa kidole, na nilipofikiri kokwa ngapi zimepita pale, niliishika vizuri zaidi.

Lakini kitu chenye kilinisimamisha ni ule udongo. Jina lake ghassoul. Wamoroko wanaoshea nyuwele na ngozi tangu zamani. Na unajua unatoka wapi? Unachimbwa mu galeri, chini ya mulima, upande wa muto Moulouya. Basi hawa ni wenzetu! Mutu anashuka mu giza kule Moroko ili mwingine aoshe uso kule Lille.

Bibi yangu aliuchanganya na maji ya uvuguvugu, akajipakala uso muzima. Mutoto wetu wa mwisho akapiga kelele: "Papa, Mama naye ametoka karieri!" Mama mukwe alichukua kidogo akaonja, akizania ni pemba. Akatema inje. Lakini alipoosha uso, mimi mwenyewe niliona: ngozi ilikuwa laini, ilingaa. Udongo ule unafanya kazi. Tuliutumia mupaka ukaisha.

Kartoni ya pili: Yordani

Hii ilikuwa na chumvi ya kuogea, matope nyeusi, krema ya mikono, krema ya kukinga jua, tende kumi na mbili, na kahawa yenye iliki.

Chumvi ilitoka Bahari ya Chumvi, ile yenye tunasoma mu Biblia. Ufuko wake njo inchi kavu ya chini kupita zote mu dunia, karibu metre 430 chini ya usawa wa bahari kubwa. Maji yake yana chumvi karibu mara kumi kupita ya bahari ya kawaida. Mutu anaelea tu, hazame. Mu upande wa Yordani kuna bassin kubwa kubwa, watu wanatumika pale kutosha potasi ya mbolea. Na bahari yenyewe inakauka, kila mwaka inashuka karibu metre moja, juu maji ya muto Yordani wanayachukua mbele hayajafika.

Mu krema ya jua nilisoma: oksidi ya zinki. Zinki! Mu Kipushi, mugodi wenye ulifungwa 1993 na kurudi kutosha mu 2024, zinki inatoka chini zaidi ya metre 1,000, na tunaituma inje ingali mavumbi. Sisemi zinki ya ile krema ilitoka kwetu, jiwe halina karte ya uraia. Nasema tu: mutu wa Kipushi akikuta kakopo kale mu magazini, asione aibu kukashika.

Sasa musikilize hii. Nilirudi posti ya usiku, saa moja ya asubui. Nilikuta watoto wameisha kwenda masomo, chai haiko ku moto, na bibi yangu analala mu kiti, miguu mu beseni ya plastiki. Maji yalikuwa yameisha kupoa. Chumvi ya Yordani ilikuwa imebaki nusu.

Miaka 19, sijamukuta hata siku moja analala wakati ninarudi. Kila asubui anakuwa amesimama. Nilikaa chini na buti zangu, nikamwangalia. Mikono yake ilikuwa wazi juu ya magoti. Njo nikaiona.

Nyufa. Ku vidole, ku kiganja, zingine nyekundu. Nilikuwa ninazijua, lakini sawa vile unajua tundu ya barabara: unapita pembeni. Siku ile sikupita.

Alipoamka nikamuuliza tangu wakati gani. Akajibu bila kunilaumu: "Tangu ulianza kuleta overall ya ile usine." 

Alipakala krema ya Yordani siku tatu, nyufa zikaanza kufunga. Siku ya posho akafua overall zangu mbili. Siku ya Mungu, ku kanisa, alivaa glavu nyeupe za kwaya mupaka mwisho wa misa. Zilikuwa zimefunguka tena.

Kartoni ya tatu: "Afrika"

Moroko ilipata kartoni yake, Yordani yake, sisi wengine wote tukaingia mu moja: "Afrika". Juu yake walichora simba. Bibi yangu ni muzaliwa wa commune Kenya, mu Lubumbashi. Akasema: "Miye wa Kenya, simba yenye najua iko mu chupa ya Brasimba."

Lakini ndani kulikuwa vitu vya kweli. Siagi ya karite ya Burkina Faso, yenye wanawake wanaokota ku miti, wanaponda na kupika. Sabuni nyeusi ya Ghana. Chai nyekundu ya rooibos kutoka Afrika ya Kusini. Chokoleti, na mujue kama zaidi ya nusu ya kakao ya dunia inatoka Côte d'Ivoire na Ghana. Mwisho, pakiti nzuri ya maua makavu mekundu, na maandishi ya zahabu: hibiscus. Bibi yangu alifungua, akanusa, akacheka mupaka machozi: "Papa, ni maua ya ngai-ngai! Mudogo wangu analipa euro juu ya ngai-ngai!"

Siku ile nyumba nzima ilicheka. Ile kicheko peke yake, naweza kusema, ilirudisha bei ya kartoni.

Mwezi wa ine

Furaha haijaisha, shemeji akatuma ujumbe. Miezi tatu iliisha, lakini kampani ilitosha tena euro 29 mu konti yake, na kartoni ya ine ikafika. Alipouliza, wakamwonyesha maandishi madogo: abonema inaendelea yenyewe kama hausimamishe. Bahati yake, mu Ufaransa tangu tarehe 1 mwezi wa sita 2023 sheria inaomba kama ulijiandika ku intaneti, uweze kutoka pia ku intaneti bila kuzungushwa. Alisimamisha mangaribi moja.

Ninaandika hii juu yetu. Sisi pia tuko na abonema: ya televizio, ya intaneti ku telefone, deni za ku mushahara. Feza kidogo kila mwezi haipige kelele. Mimi delege, ninasomea wenzangu fishi ya malipo mustari kwa mustari. Lakini ku nyumba sikujua ni vitu ngapi vinakatwa ku telefone yangu. Nilihesabu, nilikuta viwili vyenye sikumbuki nilivikubali lini. Na ninyi muhesabu leo, mbele ya mwezi kuisha. Kama mutu anakupa zawadi ya namna hii, mumuulize kwanza: inaishaka siku gani, na nani anaisimamisha?

Krema haifunge mulango

Basi, kartoni ni nzuri ao mubaya? Ni nzuri. Ninawaambia wanaume wenzangu: hapana kucheka bibi mwenye anaweka miguu mu maji ya moto. Mwili wenye unatumika unaomba kutunzwa, na wake unatumika bila konje. Hauombe euro 29. Beseni, maji ya moto, chumvi ya jikoni, mafuta ya kujipakala, na saa moja bila mutu kumuita. Ile saa njo ya bei kali.

Lakini krema haifunge nyufa zenye overall inafungua kila siku ya posho. Kobalti na nikeli, waganga wanajua, zinawasha ngozi. Mu 2009 watafuti wa Université ya Lubumbashi na wa Leuven walitangaza kama walipima mukojo wa watu wa Katanga, wakakuta kobalti nyingi, zaidi kwa wale wanakaa karibu na migodi na usine. Sisi tunadai maske, buti, glavu. Miaka yote ile sijaandika hata neno moja juu ya mutu mwenye anafua mavumbi yetu.

Convention 176 ya OIT, ya 1995, juu ya usalama mu migodi, inasema muajiri atayarishe mahali pa kutosha pa kuoga na pa kubadilisha nguo. Tunaomba twende mbele kidogo: overall ibaki ku kazi, ifuliwe ku kazi. Tumeiandika mu kayee ya madai ya mwaka huu, namba sita. Wakati tunangoja: hapana kukungutia overall mu nyumba, hapana kuifua pamoja na nguo za mutoto, na mwenye anafua avae glavu.

Mangaribi nilimuonyesha bibi yangu ile karatasi. Alisoma namba sita polepole, na kidole.

"Na bakikatala?"

"Tutarudilia."

"Muzuri," akasema. Akasukuma beseni kwangu na muguu. "Mupaka bakubali, hii njo yako."

Siku ya posho nilifua.