Mkopeshaji asiyefika sokoni Kasulu

Hivi karibuni nilikuwa Kasulu wakati wa mavuno ya maharage. Mama mmoja mfanyabiashara, ambaye jina lake nitalihifadhi, alinionyesha ghala lake, magunia yamepangwa mpaka karibu na dari. Kisha akanionyesha simu yake. Alikuwa ameomba mkopo wa kukodi gari la mzigo, na simu ikamjibu kwamba kiwango chake ni shilingi 15,000. Kijana wake mwendesha bodaboda, asiye na hata debe moja la maharage, hukopeshwa mara sita ya hapo.

"Baba," akaniuliza, "huyu anayetupimia anakaa wapi? Nataka aje aone ghala."

Hakai popote, na ndiye ninayetaka tumzungumze wiki hii. Siku hizi huitwa akili mnemba, wengine husema akili unde. Watu wa mjini wakilisikia jina hilo hufikiria roboti, au zile programu zinazowaandikia vijana barua za kuomba kazi. Huku nyanda za juu za Kigoma limeingia kwa mlango wa uani, ndani ya mkopo wa simu.

Mikopo ya aina hii ilianza kuvuma Kenya mwaka 2012 ilipozinduliwa M-Shwari, na sisi tukaipata M-Pawa mwaka 2014. Haidai hati ya nyumba wala mdhamini. Kompyuta hutazama mwenendo wa laini yako: unaweka fedha mara ngapi, unatuma kiasi gani, deni la nyuma ulilipa siku gani. Halafu inakulinganisha na maelfu ya watu waliokopa kabla yako na kujiuliza, wale waliofanana na huyu walirudisha au walitoroka? Zamani karani wa benki alipewa kanuni iliyoandikwa na wakubwa wake. Mashine za sasa huachiwa zijitafutie kanuni ndani ya kumbukumbu hizo, na hapo ndipo neno akili linapoingia.

Sasa mtazame mama yetu. Hununua maharage shambani kwa fedha taslimu. Huuza kwa taslimu, pengine mpaka Mabamba kule Kibondo, mpakani na Burundi. Simu yake ni ya kuulizia bei tu. Kijana wake hulipwa nauli kwa simu kutwa nzima, elfu moja moja, elfu mbili mbili. Mbele ya mashine kijana ni mtu wa shughuli, na mama ni kama hayupo. Haikumdharau. Haikumwona kabisa.

Nisieleweke kwamba nazilaani mashine hizi. Kibondo na Kasulu ni nchi ya muhogo, na adui wa muhogo ni batobato na michirizi ya kahawia. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani, wakishirikiana na taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA, walitengeneza programu iitwayo Nuru. Unaelekeza kamera ya simu kwenye jani, nayo inakuambia ni ugonjwa gani, hata mahali pasipo na intaneti. Imeujuaje? Watafiti walipiga picha za majani ya mihogo humu humu Tanzania. Matokeo yao ya kwanza, ya mwaka 2017, yalitokana na picha 2,756. Ilionyeshwa, ikajifunza. Hata hivyo walipoijaribu kwa simu, dalili hafifu ziliisumbua kuliko zile zilizo wazi. Mkulima mzoefu hatashangaa, maana michirizi huweza kuozesha muhogo ardhini huku majani juu yakionekana mazima.

Muhogo umepigiwa picha. Ghala la maharage, nani amelipiga picha?

Sheria ipo. Ile ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inampa mtu haki ya kudai kwamba uamuzi unaomgusa sana usifanywe na mashine peke yake. Benki Kuu nayo, Novemba 2024, ilitangaza programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Nilimweleza mama yote hayo kwa ufasaha wangu wa redioni. Akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Basi nibonyeze namba ngapi?"

Tukaanza kupekua orodha ya huduma kwenye simu yake. Moja, nne, tatu, rudi nyuma. Mwishowe tukaambiwa tujaribu tena baadaye. Nikaona haya.

Jumamosi ile mama alikwenda kwenye kikoba chao, ambako mweka hazina anamjua yeye, shamba lake na marehemu mumewe. Akapewa fedha za gari.