Swema na Majeruhi Aliyemtambua

Hapa Mbweni tunalo Kanisa la Mtakatifu Yohana, lililojengwa mwaka 1882 katika kijiji cha watumwa waliokombolewa. Nikisali humo, mara nyingi humkumbuka Swema, binti wa Kiyao aliyeletwa Unguja miaka ya 1860.

Mama yake alishindwa kulipa deni la nafaka, mtoto akachukuliwa kuuzwa. Mama akaomba naye atwaliwe utumwani, abebe mizigo, mradi asitengane na mwanawe. Nguvu zikamwishia njiani, wakamwacha. Swema alifika Unguja hoi, akaviringishwa mkekani na kufukiwa angali hai. Kijana mmoja akasikia sauti, akamfukua na kumpeleka kwa masista Wakatoliki.

Padre Horner aliyaandika haya kama Swema alivyoyasimulia. Siku moja, akiwasaidia masista kuhudumia wagonjwa, aliletewa majeruhi. Akamtambua: mtu wa msafara ule ule!

Mama, ungemgusa? Mimi muuguzi najua jinsi mikono inavyokataa, hata kwa mgonjwa aliyenitukana jana tu. Swema alishindana na moyo wake, akasali. Kisha akamhudumia.