Vinara wa Jua, Wakipimwa Juu ya Bati la Buyenzi

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 673 hivi. Hakuna ziwa la maji baridi lililo refu kuliko hilo duniani, na kwa kina limezidiwa na Baikal peke yake. Sisi wa Buyenzi, hapa Bujumbura, tunalitazama kutwa nzima, kisha tunaingia ndani kuuliza kama bidoni ya maji ya kunywa imejaa, maana ufukweni hakuchoti mtu mwenye akili: kipindupindu tunakijua. Jua nalo halijawahi kuwa haba hapa, nyuzi tatu na ushei kusini mwa ikweta. Basi nimepanga vinara wa fani inayodai kwamba jua na maji vikikutanishwa vizuri vitatupa nishati na usafi.

Fani yenyewe ni fotokatalisisi. Punje ya madini fulani ikipigwa na mwanga, elektroni zake huruka, na zilikotoka hubaki mapengo yenye njaa. Viwili hivyo huweza kupasua maji yakawa haidrojeni na oksijeni, au kutafuna vijidudu na uchafu, huku punje yenyewe ikibaki ilivyo.

Mkongwe wa mtaani ni rangi ya ukutani. Weupe wake hutokana na titani dioksidi, na zamani, kabla viwanda havijajifunza kuifunika vizuri kila punje, jua liliifanya itafune gundi ya rangi yenyewe hadi ukuta ukatoa unga. (Si kila shati lililochafuka ukutani ni ushahidi, chokaa nayo ina yake.) Mkongwe wa maabara ni jaribio la Wajapani Akira Fujishima na Kenichi Honda, lililochapishwa mwaka 1972: titani dioksidi hiyohiyo, mwanga, na maji yakapasuka.

Kinara wa asilimia ndiye ninayemtilia shaka. Mwaka 2020 kundi la Kazunari Domen, pia wa Japani, lilitangaza kichocheo kinachotumia asilimia 96 hivi ya mwanga uliokiangukia. Kazi safi, sibishi. Ila mwanga wenyewe ulikuwa urujuanimno, ule usioonekana kwa macho, ambao katika jua zima haufiki hata sehemu moja ya kumi. Ni kama mvuvi anayejisifu kwamba mukeke 96 kati ya 100 walionasa hawakumponyoka, ilhali ndagala wote wa ziwa wamepita kwenye matundu ya wavu wake.

Mwaka uliofuata kundi hilohilo lilitandaza paneli za mita za mraba 100 nje, juani, kule Kakioka, Japani. Hakuna aliyekuwa amewahi kutandaza kubwa hivyo. Kiwango cha juu cha jua lililogeuka haidrojeni: asilimia 0.76. Paneli za kawaida za umeme hupita asilimia 15 bila kutoka jasho, na kituo chetu cha Mubuga, Gitega, kimekuwa kikitoa hadi megawati 7.5 tangu 2021. Chuo Kikuu cha Michigan kilifika asilimia 9.2 mwaka 2023, lakini kwa mwanga uliokusanywa na kuongezwa ukali.

Kwa madini, sifa ni zetu. Gakara, kusini mwa jiji hili, ina mawe ya madini adimu yaliyo miongoni mwa yenye utajiri mkubwa zaidi duniani. Ndani yake mna seriamu, ambayo oksidi yake ni kichocheo cha mwanga. Usafirishaji wa karibuni ulianza mwishoni mwa 2017, ukasimamishwa 2021. Kwale, Kenya, ilichimba rutile, yaani titani dioksidi ya asili, hadi mwisho wa 2024.

Anayenivutia zaidi hana kichocheo hata kimoja. Ni binamu tu wa ukoo huu. Ni chupa ya plastiki angavu, ya lita moja au mbili, iliyojazwa maji na kulazwa juu ya bati kwa muda wa saa sita, au siku mbili mfululizo kukiwa na mawingu mengi. Aftim Acra wa Beirut aliandika habari zake mwaka 1980. Huko Kenya, kipindupindu kilipoingia kwa Wamasai waliokuwa tayari kwenye utafiti wa chupa hizo, watoto wa chini ya miaka sita waliougua walikuwa 3 kati ya 155 waliokunywa maji ya juani, na 20 kati ya 144 wasiotumia njia hiyo. Kwa watu wazima na watoto wakubwa haikuonekana tofauti ya maana, na hilo lazima lisemwe pia. Watafiti, wakiwemo wa Almería nchini Hispania, wamejaribu kuongeza titani dioksidi ili kazi iende haraka, na unga ukimwagwa majini lazima uchujwe tena.

Kipimo cha maji yanayofaa ni gazeti: simamisha chupa juu ya kichwa cha habari, chungulia kutoka mdomoni. Herufi zisiposomeka, yaache yatulie na uyachuje kwanza. Ya mto Ntahangwa baada ya mvua kubwa hayaonyeshi hata picha.