Malenge yako hayazai? Tafuta nyuki kabla ya kutafuta dawa

Kama wewe ni mkazi wa Umoja, Kayole, Buruburu au Dandora na umewahi kupanda malenge nyuma ya nyumba au kwenye gunia, bila shaka umeliona jambo hili. Mmea unatambaa vizuri, maua ya manjano yanachanua kila asubuhi, na nyuma ya baadhi ya maua unaona kitunda kidogo kama ncha ya kidole gumba. Siku chache baadaye kitunda hicho kinageuka manjano, kinanyauka na kuanguka. Jirani mmoja anakwambia mbegu ilikuwa mbaya. Mwingine anakutuma dukani ukanunue dawa ya kunyunyizia.

Msomaji, mara nyingi kasoro si mbegu wala si ugonjwa. Ni kwamba nyuki hakufika.

Mmea wa malenge una maua ya aina mbili. Ua dume lina kikonyo chembamba na ndani yake mna unga wa manjano uitwao chavua. Ua jike ndilo lenye kile kitunda nyuma yake. Chavua ya malenge ni nzito na hunata, kwa hivyo upepo hauwezi kuipeperusha. Ni lazima ibebwe na mdudu. Isitoshe, ua jike hufunguka alfajiri na kabla ya adhuhuri huwa limekwisha kujifunga, lisifunguke tena. Nyuki asipopita katika saa hizo chache, kitunda hakina maisha.

Huenda ukauliza habari hizi zinatafuta nini katika kurasa za afya. Zinahusu sahani ya mtoto wako. Malenge yaliyopondwa ni miongoni mwa vyakula vya kwanza ambavyo kina mama wengi huwapa watoto wakitimiza miezi sita, na ile rangi yake ya manjano ni dalili ya vitamini A. Mtoto anayekosa vitamini hiyo huanza kushindwa kuona vizuri jioni, na maradhi kama surua yakimpata humlemea upesi. Ndiyo maana kliniki zetu huwapa watoto matone ya vitamini A kila baada ya miezi sita hadi wafikishe miaka mitano.

Mwaka 2015 watafiti walichapisha katika jarida la Lancet hesabu ya kutisha. Walikadiria kwamba wadudu wachavushaji wakitoweka kabisa duniani, watu milioni 71 zaidi katika nchi maskini wangepungukiwa na vitamini A, na vifo vingeongezeka kwa takriban milioni 1.42 kila mwaka, kwa sababu matunda na mboga zingeadimika.

Hata hivyo, tusitie chumvi. Sukuma wiki yako haihitaji nyuki ili uchume majani, na terere huchavushwa na upepo. Lakini matango, matikitimaji na karakara hutegemea wadudu. Nyanya hujizalisha zenyewe, ila hufanya vizuri zaidi zikitikiswa na yule mdudu mkubwa mweusi anayetoboa boriti, ambaye wengi wetu humfukuza kwa fagio. Akilishika ua hutetemesha mwili wake mpaka chavua ikamwagika.

Sasa tuje kwenye dawa. Anayenyunyiza dawa ya wadudu asubuhi, maua yakiwa wazi, anamuua mgeni aliyekuja kumsaidia. Dawa nyingine huingia ndani ya mmea na kufika hadi kwenye chavua. Jumuiya ya Ulaya ilipiga marufuku tatu kati ya hizo kutumiwa nje mashambani mwaka 2018, kwa ajili ya nyuki. Na katika ua wa Eastlands, ambamo nguo zimeanikwa na watoto wanacheza hatua mbili kutoka kwenye gunia la mboga, dawa hiyo haiishii kwa wadudu. Vidukari waoshe kwa maji ya sabuni. Ikibidi kabisa kutumia dawa, iwe magharibi, maua yamefunga, nawe usome karatasi yake ujue ni siku ngapi zipite kabla ya kuchuma.

Mei 20 ni Siku ya Nyuki Duniani. Umoja wa Mataifa uliipitisha mwaka 2017 kwa ombi la Slovenia, kumkumbuka Anton Janša, mfugaji nyuki wa karne ya 18. Kwetu huangukia mwishoni mwa mvua ndefu, bustani zikiwa zimenawiri. Mtaa wako waweza kuifanya tamasha bila gharama kubwa. Vijana wa Dandora walikwisha kuonyesha njia katika miaka ya 2010, waliposhindana kusafisha na kupendezesha nyua zilizokuwa zimejaa takataka.

Ushauri wetu ni kwamba tamasha lianze saa moja asubuhi. Likianza saa sita kwa hotuba za waheshimiwa, wageni rasmi watakuwa wamekwenda zao. Watoto wakae mbele ya maua ya malenge robo saa na kuhesabu wadudu wanaoingia. Wasipoona hata mmoja, waonyeshwe namna ya kufanya kazi hiyo wenyewe: chuma ua dume, ondoa petali zake, kisha pangusa unga wake katikati ya ua jike. Kila nyumba ilete mche wa alizeti, rehani au rozmari, au iache dania chache zitoe maua badala ya kuzing'oa zote.

Udongo wa kujaza magunia uchagueni kwa makini. Mwaka 2007 shirika la UNEP liliwapima watoto 328 waliokuwa karibu na jaa la Dandora, na nusu yao walikuwa na madini ya risasi katika damu kupita kiwango kilichokubaliwa wakati huo. Msichote udongo jaani wala kumwagilia mboga maji ya mto wenye taka.

Na mizinga? Mtaani tuiache. Nyuki wetu ni wakali, na nyumba zimebanana. Kumpandia nyuki maua yatosha. Ukiumwa, kwangua mwiba upesi kwa ukucha na uweke kitambaa cha maji baridi. Lakini mtu akivimba uso au koo, akipumua kwa shida au akipata kizunguzungu baada ya kuumwa, hata na nyuki mmoja tu, mkimbizeni hospitalini papo hapo.