Herufi 150 za Kumleta Mteja Nyakato

Nachomelea mageti Nyakato, kando ya barabara ya Musoma, na wateja wengi siku hizi hunikuta kwenye simu kabla hawajaiona karakana. Instagram inakupa herufi 150 za kujieleza, nafasi na alama zikihesabiwa. Maelezo mafupi ya WhatsApp yanaishia 139. Kwa ubahili huo, neno "bora" silipi nafasi. Kila fundi ni bora kwa maneno yake.

Wasifu wangu unasomeka hivi: "Mageti na grili za madirisha. Nyakato, Mwanza. Nakuja kupima kwako, Buzuruga hadi Igoma. Jumapili nimefunga."

Kazi imetangulia, kwani anayetafuta geti husoma maneno ya mwanzo tu kisha anaamua. Mahali panafuata, mtu wa Ilemela hana haja ya fundi wa Shinyanga. Kumfuata mteja kwake na futi ya kupimia ndiko kunakonitofautisha, basi nimekutaja wazi. Kwenye sehemu ya jina nimeongeza "mageti", maana Instagram hutafuta hata humo.

Picha ya wasifu ni yangu mwenyewe, miwani ya kuchomelea ikiwa shingoni, uso wote unaonekana. Mtu anayetuma kianzio ana haki ya kumjua anayempa fedha yake.